Mbuzi wa Muhindo na Paluku Wawili

Jumapili, Mususa. Mvua tangu tulipotoka misa ya kwanza.

Shajara yangu, leo usitarajie niandike vizuri. Mvua inapiga mabati, baridi ya Butembo imeniingia hadi vidoleni, na kichwani sijui nishike lipi niache lipi. Juzi nilikuwa mchumba wa mtu. Jioni hii sijui kama mimi ni mchumba wake au ni dada yake.

Ndiyo, nimeandika dada.

Ngoja nianzie mwanzo. Labda nikiandika kwa utaratibu, na mimi mwenyewe nitaelewa.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanamjua Muhindo kidogo. Ni fundi wa pikipiki kule Beni, mtu anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Mwezi uliopita watu wake walipanda kuja kwetu kujitambulisha, wakaleta mbuzi mweupe mwenye sikio moja jeusi. Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na mbuzi wa kwanza ndiye anayefungua mazungumzo. Mama alikuwa amepika hadi kwenye sufuria za majirani. Kasikisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Mimi nilikuwa nimejificha chumbani na kitenge kipya, nikisikiliza kupitia pazia.

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo aliyewapokea wageni ni baba mdogo. Akauliza swali ambalo huulizwa katika kila kikao cha namna hiyo: kabla ya Beni, ninyi ni watu wa wapi hasa? Baba mkubwa wa Muhindo akajibu bila wasiwasi. Baba wa babu yao alitoka Kipese, kule juu kwenye baridi, akateremka Beni kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa. Aliitwa Paluku, mwana wa Kambale Maliro.

Nikasikia baba mdogo akiweka kikombe chini.

Kwa sababu baba wa babu yetu naye alitoka Kipese, akateremka Beni kwenye mashamba hayo hayo. Aliitwa Paluku, mwana wa Kambale Maliro.

Kwamba sisi ni wa ukoo mmoja, hilo halikuwa siri. Ukoo wetu ni mkubwa mno, na watu wake wanaoana kila siku mradi nyumba ziwe mbali. Lakini watoto wa nyumba moja, waliotoka kwa mwanaume mmoja, hao ni ndugu hata wakipita vizazi vingapi. Hilo halijadiliwi. Basi wageni wakamaliza chakula kwa adabu, wakaaga kwa adabu, na baba mdogo akasema tusionane, mimi na Muhindo, mpaka ijulikane Maliro alikuwa mmoja au walikuwa wawili.

Mbuzi akabaki. Kumrudisha ingekuwa kuvunja, kumchinja ingekuwa kukubali. Tangu siku hiyo amefungwa nyuma ya jiko, hana cheo. Mama anamlisha kama mgeni, na yeye amekula majani yote ya maharage yetu.

Kazi ya kutafuta nikapewa mimi, eti kwa kuwa nafundisha historia. Kama kwamba historia ninayofundisha ilishawahi kumtaja mtu wa Kipese! Ijumaa nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda Beni.

Nilianzia kwenye ofisi ya serikali inayotunza karatasi za sensa za zamani na za watu waliohamia mashambani. Aliyenipokea ni papa mmoja, yaani mzee, kutoka Kasaï, aliyeletwa Beni na kazi, mtu mchangamfu sana. Nilipotaja jina Paluku alicheka, akanifungulia kabati.

"Mademoiselle, ba Paluku banajaza armoire muzima. Famille yenu iko na nguvu, eh!"

Alikuwa amewapanga wote pamoja kwa bidii, Paluku na Paluku, akiamini ni familia moja. Nikaanza kumfundisha. Nikamwambia kwetu hilo si jina la familia, ni nafasi ya mtoto tumboni mwa mamaye. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, ndiyo maana mimi ni Kavira. Muhindo ni mvulana aliyezaliwa baada ya wasichana. Papa akanitazama kwa huruma.

"Donc hawa bote ni ba premier-né?"

"Bote, papa. Bote ni ba kwanza."

"Sasa mutu anatafutaka ndugu yake namna gani?"

"Hilo njo nimekuja kukuuliza."

Tukacheka mpaka mwenzake wa ofisi ya pili akaja kuona kuna nini. Kwenye karatasi zake sikupata kitu. Lakini kabla sijaondoka alitaka ahakikishe ameelewa, akauliza: kwa hiyo kila baba ana Paluku mmoja tu? Nami, kwa haraka na kwa kujiona mwalimu, nikamwambia ndiyo, papa, mmoja tu.

Likumbuke jibu hilo, shajara. Linarudi.

Parokiani nilipewa kiti karibu na dirisha na vitabu vikubwa vya ubatizo, vya wino uliofifia hadi kuwa kahawia. Nikiwa nafunua kurasa nilisikia pikipiki ikipita barabarani, ikapiga honi mara kadhaa, haikusimama. Muhindo. Tumekatazwa kuonana, hatukukatazwa kusikiana. Nilicheka peke yangu pale dirishani kama mtu asiye mzima.

Wote wawili walikuwamo. Walibatizwa wakiwa watu wazima, wafanyakazi wa mashamba. Paluku Petro ni wetu: mzaliwa wa Kipese, baba Kambale Maliro, mama Masika. Kurasa chache mbele yuko Paluku Yosefu, wa akina Muhindo: mzaliwa wa Kipese, baba Kambale Maliro, mama Kavira.

Nikaisoma mistari yote miwili tena. Nikatulia, nikafikiri kama mwalimu. Paluku ni mvulana wa kwanza. Hawa ni Paluku wawili. Baba mmoja hawezi kuwa na wavulana wa kwanza wawili. Na mama ni tofauti pia! Basi walikuwapo akina Maliro wawili, jina moja, watu tofauti, kama vile Kipese ilivyojaa akina Kambale.

Nilitoka nje nikampigia Muhindo papo hapo. Alipiga kelele hadi nikasikia wateja wake wakimuuliza amepatwa na nini. Kabla jua halijazama baba yake mkubwa alikuwa amempigia baba mdogo, na ikapangwa warudi Jumamosi ijayo na mbuzi waliobaki. Nikalala kwa rafiki yangu Beni, jana nikarudi Butembo nikiimba. Nilikuwa na furaha, niseme tu. Furaha ya kijinga kabisa.

Leo baada ya misa nilimkuta Mama jikoni akichambua maharage. Nikamweleza yote tena, pamoja na papa wa Kasaï na kabati lake, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliendelea kutoa vijiwe.

"Na bamama zabo?"

"Masika na Kavira. Unaona, Mama? Hata bamama ni mbalimbali."

Kisha akauliza, bila kuniangalia: "Ba Paluku ya kwa Papa Mbusa, si weye njo unabafundisha bote wawili?"

Papa Mbusa ni jirani yetu. Ana wake wawili. Na ndiyo, nina wanawe wawili katika darasa moja, Paluku na Paluku, baba mmoja, na kila asubuhi nikiita majina nawatofautisha kwa mama zao. Nimefanya hivyo mwaka mzima bila kufikiri.

Hesabu huanza upya kwa kila mama.

Hakuna mtoto wa Kinande asiyejua hilo. Nilimwambia mwenyewe yule papa wa Kasaï kwamba ni nafasi ya mtoto tumboni mwa mamaye, kisha kwa mdomo huo huo nikamwambia kila baba ana mmoja tu. Nilimfupishia mgeni ili aelewe haraka, halafu nikaingia parokiani nikauamini ufupisho wangu mwenyewe. Mama wawili tofauti si ushahidi wa waume wawili. Yawezekana ni wake wawili wa Maliro mmoja, kila mmoja na kifungua mimba wake. Na yawezekana pia sivyo. Kitabu kile kile, mistari ile ile, juzi kilisema tuoane na leo hakisemi kitu.

"Eyi Nyamuhanga," ndicho nilichoweza kusema. Ee Mungu wangu.

Mama akainuka, akachukua majani kumpelekea mbuzi. Mlangoni akageuka: "Miye hapana sema kitu ku mutu. Ni weye ulienda Beni."

Sijui hata sasa alimaanisha nini. Alinipa ruhusa ya kunyamaza, au alininyima? Mama anampenda Muhindo. Alishaanza kumwita mwanangu, neno ambalo leo linanikwaruza.

Nilikimbia na mwavuli hadi kwa padri wetu. Akanisikiliza vizuri, akahesabu kwa vidole, akasema kwa upande wa Kanisa undugu wa mbali hivyo hauzuii ndoa. Nikapumua. Kisha akaongeza lakini yake: "Mais ya nyumbani, muongee na bazee." Basi nikawa na majibu matatu. Ofisini, Paluku wote ni familia moja. Kanisani, sisi si ndugu wa kutosha. Nyumbani, kama ni Maliro mmoja, mimi na Muhindo ni watoto wa boma moja, basi. Na mimi ninayetakiwa kujua ndimi nisiyejua.

Nitakuambia ukweli, shajara: nilikaa kitandani na simu mkononi nikiwaza kunyamaza. Nani angegundua? Wazee wamesharidhika. Waliojua walishakufa. Mama amefunga mdomo. Jumamosi wangekuja, tungekula, tungecheza, na mbuzi mwenye sikio jeusi angepata cheo chake. Nilitaka hivyo kwa nguvu zangu zote. Bado nataka.

Kilichonishinda ni mtoto ambaye hayupo. Tukijaliwa mvulana, wa kwanza ataitwa Paluku, hatutakuwa na la kuchagua. Siku moja atakaa mbele ya wageni, aulizwe ametoka kwa nani. Nitamfundisha aseme nini?

Nikapiga.

Nilimweleza Muhindo vibaya, nikirukaruka, mara Masika mara Kavira mara Papa Mbusa. Halafu akauliza:

"Mama ya Petro njo alikuwa bibi mukubwa ya Maliro, ao mama ya Yosefu?"

"Miye hapana jua. Juu ya nini unauliza?"

"Nataka tu nijue kama nitakuitaka yaya ao leki."

Yaya ni dada mkubwa, leki ni mdogo. Ni Kilingala chetu cha mtaani. Ulikuwa utani. Nilingoja acheke, maana yeye hucheka kabla. Hakucheka. Ni mara ya kwanza kumsikia Muhindo akimaliza utani wake mpaka mwisho, na nililia pale pale, na yeye hakukata simu.

Ni Mama aliyetutoa hapo. Alisimama mlangoni, mikono imeloa, akasema tunatafuta mbali bure. Tangu vita vilipopanda huko juu, nusu ya Kipese imekimbilia hapa Mususa. Katika kikundi chake cha sala kuna bibi mmoja mkimbizi, Mama Kahambu, aliyeolewa kwenye kilima cha akina Maliro na kulima hapo maisha yake yote. Amehifadhiwa na familia moja karibu na soko.

"Hapana muulize juu ya batu, atachanganya. Mumuulize juu ya mashamba."

Hapo nilielewa. Mume mwenye wake wawili hugawa shamba lake kati ya mama na mama. Watu wanasahau majina, lakini aliyelima kilima hasahau mipaka yake. Yaani nilisafiri hadi Beni na kurudi, na jibu lilikuwa limeshateremka kwa miguu na godoro kichwani, likakaa mitaa michache kutoka kwetu.

Muhindo anapanda kesho asubuhi na baba yake mkubwa. Baba mdogo amekubali, baada ya kunigombeza kwa haki kabisa. Tutakwenda wanne, tumpelekee bibi chumvi na sabuni, tumuulize: shamba la Maliro lilikuwa moja lililokatwa katikati, au yalikuwa mawili, huku na huku ya kilima?

Yakiwa mawili, Maliro walikuwa wawili, na mbuzi ni mahari. Likiwa moja, sisi ni ndugu, na mbuzi atachinjwa hata hivyo, Mama ameshasema, kwa sababu ndugu waliopotezana wakikutana hawali mboga tupu.

Muda huu mvua imepungua. Nimetoka nikambadilishia mbuzi kamba, ile ya kwanza ilimchubua shingo. Alinitazama kwa ule utulivu wake wa mtu asiye na deni na yeyote. Nilipotumwa Beni niliambiwa nikatafute ndugu, na wanafunzi wangu nawaambia kila siku kwamba asiyewatafuta watu wake amepotea.

Jioni hii nimepiga magoti nikaomba nisiwe na ndugu. Sijui Mungu ameisikia vipi sala hiyo, wala kama aliwahi kuombwa hivyo na mtu. Saa tatu asubuhi, Muhindo atakuwa mlangoni kwetu, na sijui nitamsalimia kwa mkono gani, wa mchumba au wa dada.