Aliyegeuka na Taa

Jumatatu, 6 Julai
Ukungu tena. Chai, viazi, magazeti. Makala yangu juu ya ile filamu imetoka, mhariri kaikata mkia. Mjinga. Nimeisoma mara mbili hata hivyo. Filamu yenyewe: mji wa giza, mfalme mwenye kinyago, sheria moja, marufuku kumtazama. Msichana humpelekea taa akitembea kinyumenyume. Mwishoni anageuka. Mkono mmoja kisu, mwingine taa. Nyuma ya kinyago yumo mzee anayetetemeka. Anaweka kisu chini, anamwachia taa, anaondoka. Nimeandika kwamba huo ni woga uliovikwa huruma. Dikteta haachiwi taa.

Jumanne, 7 Julai
Mke wangu kaleta ndizi za kuchemsha pamoja na shambulio. Atupele, mke wa mwanangu Ambakisye, kasoma makala. Anafundisha fasihi Isongole, wanaishi nyumba ya chini, ng'ambo ya migomba yetu. Tangu waoane sijamwona uso sawasawa. Ndiyo mila yetu Wanyakyusa: mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Wengi wameiacha. Yeye kalelewa Ikuti na bibi asiye na mchezo. Akisikia nakohoa njiani, anaingia migombani.
Ujumbe wake: "Mwambieni baba kaona kisu tu. Taa hajaiona."
Nimekasirika mpaka jioni. Kisha nikatuma jibu. Refu.

Alhamisi, 9 Julai
Majibizano hayajakoma. Mke wangu anapanda na kushuka na hoja zetu. Leo kagoma: "Mimi si simu yenu."
Jumamosi naongoza mjadala wa filamu hii ukumbini mjini. Vijana watajaa. Tukuyu nzima wa kunipinga ni mmoja, naye hawezi kuketi nilipo. Miaka yote naandika kwamba mila hii ife, na bado imeketi nyumbani kwangu, inakunywa chai yangu. Nimemwita Ambakisye. Mwambie mkeo aje. Ni amri.
Kanitazama. "Baba, unamwamuru awe huru?"
Kawasha pikipiki, kaondoka.  

Ijumaa, 10 Julai
Nimeitazama filamu tena, peke yangu. Safari hii sikukisubiri kisu. Yule mfalme hakuna aliyemtazama, basi hakuna aliyewahi kumwambia amekosea. Adhabu gani hiyo. Na msichana hakuna aliyemgeuza. Angesukumwa, filamu isingekuwepo.
Nimefuta amri. Bibi yake akisikia, atakayekaripiwa ni Atupele, si mimi. Gharama ni yake, uamuzi uwe wake. Nimemwomba mke wangu ashuke mara ya mwisho: kiti kipo, asipokuja sitanuna.
Uongo. Nitanuna.

Jumamosi, 11 Julai
Ukumbi ulijaa. Nilinguruma. Kiti cha mbele kitupu. Nilipofika kwenye hoja ya madikteta mlango ukafunguka. Atupele. Kitenge kichwani, macho chini. Hakuja mbele, akasimama nyuma ukutani. Nikaendelea. Nikauliza nani ana pingamizi.
Akakisogeza kitenge. Akainua uso. Akanitazama.
"Baba, umekosea."
Wazee wawili wakageukia dirisha. Akaanza kunichambua. Kisu kingemuua mtu na kuibakiza sheria, kesho wangemvika mwingine kile kinyago. Taa iliua sheria: mfalme sasa anaonekana. Na taa ile haikuwa ya msichana, alisema, aliyekuwa gizani zaidi ni mzee.  Nilimpinga kwa nguvu zangu zote. Kumlegezea kungekuwa tusi. Makofi yalikuwa mengi, machache yangu.
Bado nasema kisu kina kazi yake. Lakini nimerudi nyumbani nikipiga mluzi kama kichaa.

Jumapili, 12 Julai
Ukungu. Nimeshuka kwenda kanisani. Kwenye kona nikakohoa, mazoea. Migomba haikutikisika. Alikuwa anafagia uwanja. Akausimamisha ufagio.
"Mugonile, baba."
Salamu ya asubuhi tu, ya kila mtu. Nikaitikia, nikapita.
Ana kidoti juu ya nyusi ya kushoto. Sikujua.