Ndala za Bei Chee

Jumamosi, jioni. Manyunyu asubuhi, jua kali mchana, sasa fukuto tupu.

Nyayo zinaniuma. Nimetembea peku kutoka Mtoni mpaka hapa Mbagala, na lami ya Barabara ya Kilwa mchana haina huruma. Nimekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji, naandika. Sijui nimkasirikie nani.

Kiwanda chetu cha sabuni pale Chang'ombe kinasuasua tangu lile duka kubwa la Mtoni lifunguliwe. Jina lake la kibaoni hakuna anayelitumia, watu wanaliita Bei Chee. Ni ghala zima, taa zinawaka mchana kutwa, unaingia unajichukulia vitu mwenyewe kwenye rafu. Sabuni yao inatoka ng'ambo, imefungwa karatasi ya maua, na bado ni rahisi kuliko mche wetu usiofungwa na kitu. Mwezi huu wakubwa wa kiwanda wametulipa nusu ya mshahara kwa sabuni. Mimi ni kibarua wa kubeba. Miaka yote nimebeba sabuni kuipeleka kwenye lori, sasa nimebeba kuileta chumbani kwangu. Imejaa chini ya kitanda. Unga wangu unanuka sabuni. Chai yangu inanuka sabuni.

Wapangaji wenzangu nikiwauzia wananisikiliza kwa adabu, halafu wanakwenda Bei Chee.

Siwezi kuwalaumu sana. Nakumbuka kule kwetu Urambo, miaka ile ya kukosa kila kitu, tulivyofulia majani ya mpapai. Mama alipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, akarudi na kipande cha sabuni kama kiganja cha mtoto. Wakati ule ningeambiwa ipo siku sabuni itakuwa nyingi hadi ininyime kazi, ningecheka.

Juzi Chacha alitukusanya getini. Chacha ni mwenzangu wa zamu, mtu wa Tarime, kusema polepole hajui. Akataka tukubaliane kwamba hakuna mfanyakazi wa kiwanda atakayenunua kitu Bei Chee, na kwamba leo na kesho tusimame mlangoni pao tuwaombe wateja nao waache. Bila fujo, kuomba tu. Wote tukanyoosha mikono. Na mimi nikanyoosha.

Nilinyoosha mkono, na miguuni nimevaa ndala za Bei Chee.

Wallahi sikuzikumbuka. Mtu hakumbuki ndala zake mpaka zikatike.

Nilichokikumbuka ni Rehema. Yeye ni binti wa Bi. Zuhura, mwenye nyumba wangu, na ni keshia Bei Chee. Bi. Zuhura ni mjane, na mshahara wa Rehema ndio unaoinjika chungu. Jioni binti huyu akirudi, mama yake humkanda miguu barazani, maana kule keshia hana kiti. Anasimama tangu kufungua mpaka kufunga, hata Jumapili, na akitoka anapekuliwa mkoba. Nilimwuliza siku moja kama haoni anaonewa. Akacheka.

"Kaka Maganga, bora nisimame na mshahara kuliko nikae bila."

Akampa mama yake mguu wa pili.

Basi leo tukaenda. Chacha mbele, mimi nyuma ya watu. Kupitia kioo Rehema aliniona, akainamisha macho kwenye mashine yake. Wateja walitupita, wengine wakituchekea, mmoja akampa Chacha sarafu akidhani tunaomba sadaka. Chacha nusura aitupe.

Halafu akaja Bi. Zuhura na kikapu chake.

Lazima niseme kwamba Bi. Zuhura ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuvua kofia msibani mbele ya watu, nawe ukacheka na kuikomboa. Nyumbani tunataniana kila siku, ila sikutegemea utani unifuate mpaka pale.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mnyamwezi, umepata kazi ya ulinzi?"

Chacha akadakia. "Mama, tunakuomba usinunue humu. Hawa wanatuua."

"Wanawaua nyie? Na mwanangu aliye humo ndani akikosa wateja akafukuzwa, mtamlisha sabuni?"

"Hatumchukii mwanao, mama. Tunalichukia duka."

"Haya." Akanitazama miguuni. Nikajua nimekwisha. "Mtani, vua."

"Nivue nini, mama?"

"Ndala. Hizo mwanangu mwenyewe ndiye aliyekupigia hesabu. Kama mmesusa, suseni tangu miguuni!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Nikavua, nikampa, akazitia kikapuni. "Babu zako walitoka Tabora peku na pembe za ndovu kichwani," akasema. "Wewe Mbagala tu hapo utalia?" Hata mimi nilicheka. Chacha peke yake hakucheka. Alinitazama miguu, kisha uso, kisha akageukia barabarani.

Ningependa habari iishie hapo.

Bi. Zuhura akaingia, akanunua mafuta ya kupikia. Alipokuwa anatoka, mlinzi akamshika mkono, akatumbukiza mkono wake kikapuni, akainua ndala zangu juu kila mtu azione. "Hizi umelipia wapi?" Mama mtu mzima, mbele ya umati uleule aliotoka kuuchekesha. Sijawahi kumwona Bi. Zuhura amekosa neno.

Rehema akaacha mashine akaja mbio. "Ni mama yangu. Ndala ni za mpangaji wetu, yule pale." Akanyoosha kidole kwangu. Meneja naye akatazama kidole kilikoelekea. Akaniona, akawaona na wenzangu, akamwita Rehema pembeni; mlinzi akazirudisha ndala kikapuni.

Ilinipasa kusema kitu. Kwamba ni zangu, kwamba ulikuwa utani, kwamba hivi ndivyo duka hili linavyowaona watu. Chacha angesema. Mimi nilisimama tu, lami ikiniunguza.

Rehema alirudi muda mfupi kabla sijaanza kuandika. Hajafukuzwa. Ameambiwa kwamba mpangaji wao akionekana tena pale mlangoni, yeye Rehema asihangaike kuja kazini Jumatatu.

Hakuniambia yeye. Nimemsikia akimwambia mama yake barazani, kwa sauti ya chini.

Sasa kesho ni zamu yetu tena. Nikienda, Rehema atakosa kazi kwa sababu yangu, na ni kazi mbaya, lakini ni kazi. Nisipokwenda, Chacha atasema niliuzwa kwa jozi ya ndala, na atakuwa na haki. Na kiwanda kikifungwa nami nitakuwa nimekaa chumbani. Yote mawili nayaona sawa, yote mawili nayaona si sawa. Wenye elimu labda wana njia ya kulipima jambo kama hili. Mimi niliishia darasa la tano.

Bi. Zuhura amepita sasa hivi. Ameziweka ndala zangu mlangoni. Nimesubiri utani, haukuja. Alipofika uani ndipo akasema bila kugeuka, "Kesho uende, usiende, shauri yako, baba. Ila peku usiende. Watasema Wazaramo wezi."

Nimenyoosha mkono nikaziokota. Zimesuguliwa mpaka kwenye mikanda, bado zina maji. Nikazinusa. Ile harufu naijua, naibeba kila siku mgongoni. Ni mche wa sabuni yetu niliompa sikukuu ya Idi, ambao nilidhani ameugawa kwa majirani.

Nimetoa miguu kwenye beseni nikazivaa.

Cha kuvaa kesho ninacho. Pa kwenda ndipo sipajui.