Ubingwa Alioambiwa Aliuota

Jumatano, 5 Machi 2003

Otilia, binti yangu, amenisukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kanisani. Padri akanipaka jivu kwenye paji, akanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Kana kwamba mji huu wa Torreón ungeniacha nisahau! Upepo umevuma tangu asubuhi, mchanga umeingia hata kwenye kahawa. Daktari anasema moyo wangu unapiga kwa mazoea tu. Basi niandike.

Baada ya chakula alikuja kinyozi wetu, Nabor. Ana habari: Jumapili ya wiki ijayo arena ina sherehe. Yatasomwa majina ya mabingwa wote wa taifa wa mieleka, uzani mwepesi, tangu wa kwanza hadi wa leo. Jamaa zao watapanda ulingoni. Na msomaji ni mimi.

"Nani mwingine, mwalimu? Historia ya mkanda ule wa ubingwa si uliiandika wewe?"

Kweli niliiandika, kwenye jarida letu la mieleka, wiki baada ya wiki. Wenye vitabu wakaninakili, na wengine wakavinakili vitabu.

"Na jamaa wa Ceniza wamepatikana," akasema Nabor. Wembe ulikuwa kooni. Bahati sikutikisika.

Ceniza hana jamaa. Ceniza nilimtunga mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Niliseme lote, mkono ukiwa bado unatii.

Bingwa wa kweli wa ule mwaka na ushei niliompa Ceniza aliitwa Evaristo Montaño. Mtoto wa wachuma pamba, kutoka upande wa San Pedro. Mkanda aliuchukua hapa hapa, mbele ya macho yangu — nilikaa mstari wa kwanza, damu ya mpinzani wake ikanirukia kwenye shati. Kisha akagombana na promota, don Rutilio. Alitaka mpiganaji akivunjika mfupa atibiwe. Don Rutilio akamfukuza. Evaristo akaenda kupigana kwa mapromota wengine, kaskazini.

Don Rutilio akaniita. Yule hakuwahi kuwa bingwa, akasema. Nikauliza, na mwaka wote ule je? Akacheka.

"Wewe ndiye uliyesoma. Ujaze."

Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nilijiona kwenye kioo cha ofisi, jivu pajini, nikapata jina: Ceniza, yaani Jivu. Nikamvika barakoa ya kijivu ili asitokee mtu wa kuuliza sura. Kwa nini nilikubali? Nilikipenda kile kiti cha mstari wa kwanza. Nimetafuta sababu nyingine, yenye heshima zaidi. Haipo.

Baadaye don Rutilio aliwavisha watu barakoa ya kijivu, wakapigana vijijini, ili jina lipate mwili. Sikuuliza ni akina nani. Waliomwona Evaristo wakaendelea kusoma jarida, mpaka wakakumbuka nilichoandika badala ya walichoona.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja mwenyewe, huyo "jamaa". Hermelinda Ruelas, mama wa miaka sitini na kitu, mnene, mcheshi. Ameleta gordita, vimkate vinene vya mahindi, za moto ndani ya kitambaa.

"Kula, don Leobardo, umebaki mifupa na miwani!"

Baba yake, Crescencio, aliondoka nyumbani yeye akiwa darasa la kwanza. Mama yake alisema amefuata mwanamke mji wa Saltillo. Mwaka jana mama alifariki. Chini ya sanduku la nguo zake ikakutwa barakoa ya kijivu. Alinitolea. Kitambaa kimeliwa na nondo, kamba za kisogoni bado zipo.

"Kumbe hakutukimbia! Alikuwa bingwa. Na bingwa wa barakoa haruhusiwi kusema, hata kwa mkewe. Si ndivyo, don?"

Nikasema ndivyo. Maana ndivyo ilivyo.

"Maisha yangu yote nimemtukana. Mwezi uliopita ndiyo kwanza nimemlipia misa."

Nikatia gordita kinywani ili nisijibu.

Alipotoka, nilimwona Evaristo uani, yeye aliyekufa zamani. Amekaa kwenye ukingo wa birika la kufulia, amenipa mgongo, anafunga kamba za viatu vyake vya ulingoni. Jua kali, nguo za Otilia zimeanikwa, na yeye yupo katikati yazo. Kamba haziishi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Otilia. Akanigusa paji kuona kama nina homa.

Nikamwambia Nabor. Akasimamisha mkasi hewani.

"Mwalimu! Usinitanie. Ceniza nilimwona kwa macho haya! Alimbeba mtu begani akamzungusha kama gunia la pamba, akamtupa kwenye viti vya wenye pesa."

Ule ulikuwa mtindo wa Evaristo. Nabor alikuwa bado ananyonya siku Evaristo alipoufanya. Aliusoma kwangu.

Mlangoni nikamsikia Otilia akimnong'oneza: mzee ameanza kuchanganyikiwa, akisema neno mkubalie tu. Masikini, akajibu Nabor, na akili ile!

Jumatano, 12 Machi

Hili sijamwambia hata padri.

Evaristo alikuja ofisini, miaka mingi baada ya yote. Kichwa chake kilikuwa kimeshapigwa sana. Maneno yalimtoka yamelegea, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kofia ameishika kwa mikono miwili. Hakudai kitu. Watu kila anakopita wanamwambia muongo, akasema.

"Leobardo, wewe ulikuwepo. Niliwahi kuwa bingwa, au niliota?"

Vijana wa ofisi walikuwa wameacha kupiga taipu.

Nikamwambia: "Uliota, Evaristo."

Akanishukuru! Alinishukuru kwa dhati, kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Akavaa kofia, akatoka. Nilisikia baadaye amefia katika wodi ya masikini, huko Monterrey. Kaburi silijui.

Ijumaa, 14 Machi

Kifua. Daktari amekuja, ameondoka, hakunitazama.

Evaristo yuko kwenye birika.

Siogopi anachotaka. Naogopa kwamba hataki kitu. Aliamini. Aliondoka duniani akiamini neno langu, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba ni uongo. Nikifa kabla hajapatikana hata mtu mmoja wa kunisadiki, basi kweli aliota.

Jumamosi, 15 Machi

Hermelinda amekuja kupanga safari ya kesho. Nikamwambia kila kitu. Hakucheka, hakunigusa paji. Alikaa, mkoba mapajani.

"Haya. Alikuwaje huyo Evaristo wako?"

Furaha iliyonipata! Nikamwambia alivyokuwa akiingia ulingoni kwa kupita chini ya kamba, si juu, kama mtu aingiaye kwenye kibanda cha mama yake.

"Baba huyo," akasema. "Umeandika mwenyewe."

Bega la kushoto chini kuliko la kulia.

"Baba."

Alivyomwinua aliyemshinda na kumpangusa uso kwa taulo lake.

"Don Leobardo! Ukurasa huo naujua kwa moyo!"

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sikuwa na kipaji cha kumtunga mtu. Nilimvua Evaristo kitu kimoja kimoja nikamvika Ceniza, na sasa kila shahidi ninayemwita anatoa ushahidi wa upande wa pili.

Akakasirika, mwishowe.

"Baba yangu nimempata juzi tu, na wewe unataka nimzike tena? Kwa ajili ya mtu asiyejulikana hata na mbwa?"

Otilia akaja mbio, akaomba radhi kwa niaba yangu. Hermelinda alikuwa amefika mlangoni. Akageuka.

"Na uso je? Uso hukuuandika popote."

Jumapili, 16 Machi

Amekuja mapema, peke yake, gauni la zambarau na midomo myekundu. Wajukuu wako nje kwenye gari, wanapiga honi. Otilia amepiga pasi shati langu. Orodha iko mfukoni.

Hermelinda hakulala, inaonekana kwenye macho yake. Ameketi mbele yangu, ametoa picha kwenye mkoba, ameilaza kifudifudi mezani na kuweka kiganja juu. Baba yake, siku ya harusi.

"Wapiganaji hujibandika majina," amesema. "Labda Evaristo lilikuwa la ulingoni, na nyumbani alikuwa Crescencio. Niandikie uso. Usiuseme — nisije nikakusaidia kwa uso wangu. Ukiwa ni wake, utasoma Evaristo Montaño na mimi nitapanda juu nikiwa binti yake. Usipokuwa wake, utasoma Evaristo Montaño na mimi nitarudi nyumbani. Nimekusadiki, don. Sasa nionyeshe ni nani niliyemsadiki."

Amenisadiki! Mtu mmoja!

Na kama ni yeye, basi siku ile ofisini alikuwa na binti.

Naandika. Ngozi nyeusi ya shamba. Paji fupi, nywele zimeanza karibu na nyusi. Sikio la kulia limevimba na kujikunja, lakini hilo ni la ulingo, siku ya harusi lingekuwa bado zima — halifai. Pua: imevunjika. Nalo halifai. Meno: sikumbuki kumwona akicheka. Kidevu kina kovu dogo, la kwato za nyumbu wa mizigo, aliniambia mwenyewe, alipokuwa mtoto. Hilo lingeonekana! Kovu, upande wa kushoto. Au ni Ceniza niliyempa nyumbu? Hapana. Ceniza hakuwa na kidevu.

Yamebaki macho. Alinitazama nayo, kofia mkononi, akisubiri jibu langu, na mimi nilikuwa naangalia vijana wa taipu. Nikiyatafuta sasa naona matundu mawili, yamezungushiwa uzi wa kijivu.

Honi tena. Otilia anaita kutoka barazani, tutachelewa.

Hermelinda hajaondoa kiganja. "Umemaliza, don?"

Nimemwambia bado.