Freha Tobali na Jani Lililobaki Wazi

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu alasiri ile ya mwezi wa Nisani ulipochomeka sindano kwenye mahameli, ukasema unajinyoosha kidogo, na usiinuke tena. Zilikuwa zimebaki siku sita kufika Pasaka. Tulikuzika kesho yake, tukakaa chini kwa kilio, na jioni ya siku ya tano sikukuu ikaingia, ikakatiza kilio na kutuinua kama sheria yetu inavyotaka. Kilio cha siku saba hatukukimaliza. Siku mbili zilizosalia hatujazikalia mpaka leo.

Mellah, mtaa wetu wa Wayahudi hapa Meknes, ulikuzoea dirishani, subana kidoleni na nyuzi za dhahabu zikining'inia shingoni. Ulidarizi mifuko ya shali za sala, magauni ya maharusi na mavazi ya hati za Torati. Majani yako hukuyanakili popote. Ulichora la mkomamanga, la mbaazi, na mara moja ulichora jani kwa kutazama sikio la punda wa muuza maji. Mwenye mfuko uliobeba jani hilo hakuambiwa, na aliusifu mpaka alipohamia Marseille.

Katika kila kazi uliacha jani moja bila uzi. Kikonyo ulikidarizi vizuri, kikafika mahali pake, kikakuta mahameli matupu. Wateja walilijua hilo, na wengine walilalamika. Kuna mama mmoja tajiri aliyekurudishia mfuko.

"Mama Perla, jani moja halina uzi. Mimi nimelipia yote."

"Wewe ulilipia mfuko au majani?"

"Vyote viwili."

"Basi niachie majani, mfuko nenda nao bure."

Alicheka, akaondoka na mfuko wake.

Kwa wasio na kitu, jani hilo lilikuwa na kazi nyingine. Estrella, binti wa mchukuzi, alipoposwa, ulimwita juu ukamtupia mshipi wa harusi kama mtu anayetupa tambara.

"Uchukue, mwanangu. Umeniharibikia."

"Mbona mzuri, Mama Perla?"

"Mzuri wapi? Tazama hapa, jani zima halina uzi. Nani atanunua kitu hiki? Niondolee machoni."

Estrella aliolewa na mshipi huo, akahamia nao Montreal. Hivyo ndivyo ulivyogawa, ukijifanya fundi mbovu ili mpokeaji asiinamishe kichwa. Hukubakiza nyumbani hata leso. Tulipoyafungua makabati baada ya mazishi, tulikuta karatasi za vielelezo na subana mbili. Kazi pekee ya mikono yako iliyobaki ilikuwa ile uliyoifia.

Baba alikuwa fundi viatu mpaka macho yalipomzimika, miaka sita kabla hujatutoka. Tangu hapo, kila ulipomaliza kazi ulimwekea mapajani kabla mwenyewe hajaja kuichukua. Alipitisha kidole jani kwa jani.

"Freha, safari hii umelificha wapi?"

"Tafuta. Mwanamume mzima unashindwa na jani?"

"Usinisemeshe, unanipoteza."

Alipolipata aliweka kidole pale, akatulia, na wewe ukamletea chai ya nanaa. Hatukumsikia akikusifu kwa maneno. Kidole chake kilitosha.

Kazi ya mwisho ilikuwa pazia la kabati la Torati, kwa sinagogi ya mtaa. Ulichora mzabibu wenye majani sitini. Ulipofariki, matano hayakuwa na uzi. Binti yako Perla, mwalimu wa hesabu, aliyahesabu mara mbili, akaandika idadi hiyo katika daftari. Aliazimia pazia litungikwe siku ya kutimia mwaka wako, na Baba alishike likiwa kamili. Kila alasiri alitoka shuleni, akaketi dirishani pako, akatumia nyuzi zako.

Jirani yetu Ghita, aliyekaa nawe kizingitini miaka thelathini, alipanda kumtazama.

"Perla, umemuuliza baba yako?"

"Nataka nimshtukize, Mama Ghita."

"Mimi Freha hakuwahi kuniambia kwamba amemaliza kitu."

"Ndiyo maana namalizia mimi."

Perla hakusema hivyo kwa kiburi. Tangu utoto aliamini kwamba jani tupu ni hila yako ya kugawa vitu, na pazia la sinagogi halikuhitaji hila. Aliyamaliza majani yote matano. Yalikuwa mazuri, Mama. Mikono yake ni yako.

Alhamisi, siku tatu kabla ya kutimia mwaka, alimwekea Baba pazia mapajani. Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alianza pembeni juu, akashuka jani kwa jani. Akafika chini. Akarudi juu, akaanza tena. Mara ya tatu, tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Hii kazi ya nani?"

"Ya Mama, Baba."

"Jani langu liko wapi?"

Perla alikiongoza kidole chake kwenye jani la mwisho alilolishona.

"Binti yangu, kile kipande cha ukuta pale mlangoni. Kila mwaka tunapaka chokaa, kile tunakiacha. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya Yerusalemu. Nyumba ya Mungu ilibomolewa, basi na yetu isikamilike."

"Ukuta unaujua. Mama yako kitambaa kilikuwa ndio ukuta wake. Yalikuwa mangapi, ulipoanza?"

"Matano."

"Manne aliyaacha kwa kifo. Moja aliliacha kwa kutaka. Lipi?"

Perla alifungua daftari. Lilionyesha majani matano, rangi ya kila uzi na tarehe ya kila mshono. Halikuonyesha tofauti.

Ijumaa, kabla chungu cha Sabato hakijapelekwa kwenye tanuri la mtaa, alikuwa ameyafumua yote matano. Alitumia sindano nyembamba kuliko zote, akavuta uzi mmoja mmoja. Aliwaza kwamba jani lako litakuwa mojawapo, na kidole cha Baba kitalitambua. Akamrudishia pazia. Baba aliligusa la kwanza, la pili, yote. Kisha akaligusa tena lile la kwanza.

"Lake lingekuwa laini," alisema. "Mahameli ambayo sindano haijafika. Haya yote yamechomwa."

"Nisamehe, Baba."

"Nikusamehe nini? Umeshona vizuri. Ila ungeuliza."

Akakiondoa kidole, akakitia mfukoni.

Jumapili tulikukumbuka. Wanaume kumi, ambao bila wao sala ya wafiwa haisomwi, walipatikana kwa taabu. Wa kumi aliletwa kutoka stesheni, akaingia na masanduku yake mawili, akasoma huku akisikiliza honi ya treni. Mwakani hatujui atakuwa nani, wala kama tisa wa kwanza watakuwapo. Pazia lilikuwa limetungikwa, na watu walisema linapendeza. Baba, ambaye maisha yake yote hakupita mbele ya kabati bila kulibusu pazia, aliongozwa na Perla mpaka pale. Mkono wake haukutoka mfukoni. Alipita.

Perla ameliacha dirisha lako limefungwa. Anafundisha, anapika, anamsomea Baba barua, na kila kitu nyumbani kiko mahali pake. Ghita hupanda jioni, hukaa naye. Mara moja tu alimwambia, "Wewe hukufanya ubaya, mwanangu." Perla alimjibu, "Najua. Ndiyo maana hakuna wa kunisamehe."

Sisi tulidhani mtu akifa huacha alichofanya. Wewe uliacha kitu kimoja ambacho hukukifanya, kikiwa kikubwa kuliko kazi yote ya sindano zako, nasi tukakijaza kwa upendo mpaka kikatoweka. Hatuna wa kumwuliza. Tumeligusa pazia hilo wote, mmoja mmoja, macho tumeyafumba kama Baba. Kila tundu tunalolihisi ni letu.

Unakumbukwa na mumeo Mimoun na binti yako Perla, Meknes. Na mwanao Yamin, mkaza mwanao Solika na wajukuu zako watatu, Marseille. Na dada yako Hanina, Ashdodi, ambaye hakuyawahi mazishi yako. Na jirani yako Ghita. Na Estrella wa Montreal, pamoja na maharusi wengine wote ambao vitu vyao "vilikuharibikia".

Daima tutakukumbuka, Mama. Ila jani lako, hatutajua kamwe lilikuwa lipi.