Viatu vya Kendi Kwenye Mnada wa Sadaka

Jumapili jioni, Julai. Kiirua.

Baridi ya leo haina huruma. Ukungu umekalia viazi tangu asubuhi, na nguo za mtoto nilizofua Ijumaa bado zinatoa maji. Mimi ni mtu wa Kiambere, nilizaliwa kwenye joto, na nilipokuwa naolewa huku hakuna aliyenionya kwamba Julai watu huvaa sweta mbili na bado wanatetemeka. Nimechoka. Mtoto wetu mdogo anaota meno, na siku tatu hizi hajaniruhusu kulala. Lakini leo lazima niandike, hata kama nitasinzia juu ya simu.

Leo Kendi amekimbia.

Wale mnaosoma hapa kwa mara ya kwanza, Kendi ni binti yangu wa kwanza, ana miaka minne. Alizaliwa na mguu wa kulia umepinda kwa ndani, unyayo ukitazama juu kama mkono wa mtu anayeomba kitu. Nilipomwona nilimfunika haraka kabla wageni hawajaingia na uji. Nakiri hilo. Nilimwonea mtoto wangu haya akiwa hajamaliza saa moja duniani.

Tulimpeleka kliniki Meru mjini. Kila wiki plasta mpya, kila wiki mguu ukivutwa kidogo kuelekea mahali pake. Baadaye tukapewa viatu vya chuma, yaani viatu viwili vilivyounganishwa na chuma katikati, miguu ikae imeachana na kutazama nje. Daktari alisema avae kila akilala mpaka afike miaka minne au mitano. Nilisikia miaka, lakini kichwani nikaandika miezi.

Kendi alivichukia viatu vile. Alikuwa akipiga chuma kwenye ukuta mpaka mabati yanaitika. Baba yake anafanya kazi kwenye shamba la maua Timau na hurudi Jumamosi, kwa hiyo kilio kilikuwa changu na cha mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Shosho.

Alipofika miaka miwili alikuwa anatembea. Mwaka huo kulikuwa na mkutano wa akina mama kanisani kwetu, na mhubiri mgeni alitufundisha juu ya akili ya mshindi. Kwamba mtoto wa Mungu haendi vitani akiwaza kushindwa. Kwamba uone ushindi kabla haujafika, na uutamke kwa kinywa. Niliandika yote kwenye daftari. Tulisimama tukasema, mimi ni mshindi, na mwili wangu wote ukasisimka. Yule mama aliyemfunika mtoto wake kwa haya hakuwepo tena.

Sikulaumu mafundisho yale, na leo silaumu. Yalikuwa ya kweli. Ni mimi niliyeyabeba vibaya.

Jumapili iliyofuata niliosha vile viatu vya chuma, nikavipanguza kwa mafuta, nikavipeleka madhabahuni kama sadaka ya shukrani.

Huku kwetu mtu asiye na pesa taslimu hutoa alichonacho. Kuku, kabeji, minji, lita ya maziwa. Ibada ikiisha vitu vinatolewa nje na kupigwa mnada, na kila mtu hununua kitu cha mwenzake. Sasa fikiria Mzee Mutwiri, ambaye ndiye mnadi wetu, akishika viatu vya Kendi katikati ya kabeji.

“Haya, na hii ni nini? Breki ya baiskeli?”

Watu wakacheka. Mwingine kutoka nyuma akasema, “Mzee, jaribu kuvaa, pengine utaacha kuchelewa ibada!”

“Nikivaa hii nitafika lini? Krismasi?”

Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa sauti kabisa, kama mtu ambaye shida yake imebaki nyuma. Nilimshika Kendi mkono tukaenda nyumbani kabla sijaona ni nani amenunua. Kwani kulikuwa na haja gani? Mshindi harudi kuangalia minyororo yake. Hayo niliyatunga mwenyewe, na niliyaona matamu sana.

Miezi miwili hivi baadaye nilikuwa nikimwogesha kwenye karai. Nikaona kisigino chake cha kulia hakigusi chini.

Nilijiambia ni maji yanateleza. Kesho yake nikamsimamisha kwenye sakafu kavu. Hakikugusa. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kuelekea ndani, polepole, kama mtu anayerudi kwao baada ya safari.

Nilikaa chini jikoni nikalia nikiwa na mwiko mkononi. Nililia kwa sababu ya mguu, na pia kwa sababu sikujua nimwambie Mungu nini. Nimwambie hukutimiza? Yeye hakuniambia nitupe viatu. Aliponipa viatu alikuwa amejibu tayari, na mimi nikalipeleka jibu lake mnadani.

Shosho alinikuta hapo. Alimwangalia mtoto, akaenda nyumbani kwake ng'ambo ya ua, akarudi na kitu kimefungwa kwenye leso. Akakiweka mapajani pangu. Kabla sijafungua nilisikia kile chuma.

“Nilivinunua visiende mbali,” akasema.

Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile.

“Mama Kendi, ulikuwa na furaha. Nikasema pengine imani yako ni kubwa kuliko yangu. Nikavifunga, nikaomba nisije nikavifungua.” Kisha akanikazia macho. “Lakini mimi nimelima viazi tangu nikiwa msichana. Sijaona Mungu akifanya kiazi kwa siku moja. Anafanya gizani, polepole, na wewe unapalilia. Futa uso. Kesho tunarudi kliniki.”

Tulirudi. Plasta upya, wiki baada ya wiki, mtoto sasa ni mkubwa na ana nguvu za kupiga mateke. Viatu upya, na alipokua tukapewa vikubwa zaidi. Tangu siku ile sijaruka hata usiku mmoja. Alipokuwa na homa, alivaa. Siku niliyojifungua mdogo, Shosho alimvisha. Nikimvisha ninamwambia, wewe ni mshindi, halafu ninafunga kamba. Yote mawili. Siwezi tena kusema moja na kuacha lingine.

Basi leo. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha uwanja wa kanisa. Watu wazima wakiwa kwenye mnada, mwalimu wa Sunday school akawavua watoto viatu vyao vizuri, akawapanga kwenye ngazi wakimbie mpaka langoni. Walikuwa saba. Nilitaka kuita, Kendi usikimbie, utaanguka. Shosho akanishika mkono akafinya.

“Nyamaza. Mwache.”

Kendi akawa wa tano.

Wenzake wote walirudi wakipiga kelele. Mimi nikaenda langoni na mdogo mgongoni, nikainama. Kwenye tope kulikuwa na alama za miguu midogo zimepandana, lakini pembeni, karibu na ua, alikokimbilia peke yake, niliziona zake. Wa kushoto. Wa kulia. Kisigino, tumbo la unyayo, vidole vitano vikitazama mbele.

Kisigino, jamani.

Mguu huu nimeushika kila siku ya maisha yake, lakini sikuwa nimeona ukiandika ardhini. Nilibaki nimeinama tu, baridi ikinipita, nikisikia ule utulivu ambao mtu huusikia akijua hayuko peke yake mahali. Mzee Mutwiri akaniuliza kwa sauti kama nimepoteza sarafu. Nikamwambia hapana, Mzee, nimeokota.

Sasa hivi, saa mbili kamili, nimemvisha viatu vya chuma. Alinitazama kwa yale macho yake makubwa akasema, “Mama, leo nimeshinda. Si nilale bila?”

Lilikuwa swali langu mwenyewe, lile nililojijibu vibaya miaka miwili iliyopita, na sasa linatoka kwenye kinywa kidogo chenye uji pembeni.

Nikamwambia, “Hapana, mama. Mshindi anavaa.”

Alilia kidogo. Nikafunga kamba, nikapuliza mikono yangu ikapata joto, nikakishika kile kisigino mpaka akanyamaza.

Amelala. Ninamwona kutoka hapa, chuma kimeinua blanketi katikati kama hema ndogo. Bado mwaka mmoja, daktari alisema. Kesho jioni nitafunga tena.