Mti wa Kulitanua Tanga Dogo

Jumamosi, Boko. Mvua ya jana imekatika, jua limetoka safi. Kiganja changu kina malengelenge na moyo umetulia. Kuandika nimejifunza uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima. Basi leo niandike, maana jambo lenyewe ni kubwa na aliyelifanya ni mie.

Mashua ya ushirika wetu wa chumvi ina matanga mawili, kubwa na dogo la mbele. Aliiacha Mzungu mmoja aliyerudi kwao baada ya Uhuru. Upepo ukitoka nyuma, tanga kubwa linaumeza wote, lile dogo linabaki linapigapiga kama sikio la ng'ombe. Ndiyo sababu mwenyekiti wetu aliamua leo likatwe, liwe vifuniko vya chumvi. Fundi cherehani alishafika ufukweni na mkasi wake.

Tanga nililolitia viraka kwa mkono wangu!

Nikasema halikatwi. Nitalitengenezea mti wa kulitanua upande wa pili, nalo lipate upepo wake. Mwenyekiti ni Mnyamwezi, mtani wangu. Akacheka: "Mzaramo, ukishindwa nakufunika wewe juu ya chumvi." Nikamwambia apande ajionee, kama haogopi maji.

Sasa mie ni mtoto wa baharia. Hakuna wa kunifundisha kufunga foromali, ule mti unaobeba tanga la jahazi. Nikachukua boriti nikaifunga vilevile: kamba mlingotini, kamba kwenye pembe ya tanga, nikakaza mpaka ikalia. Tukaondoka. Tanga dogo likajaa. Uzuri wake!

Kisha tukataka kugeuka.

Mashua ikagoma. Boriti haitoki, tanga limeshika upepo upande tusioutaka, linasukuma pua kulekule. Mafundo yamelowa, hayafunguki. Tukaishia ndani ya mikoko, mwenyekiti ana majani mdomoni.

Akatema, akasema likatwe. Nikamwomba anisubiri mpaka baada ya Adhuhuri. Kuomba si desturi yangu.

Nyumbani nikakaa barazani nimenuna. Mama Tatu, mke wangu, alikuwa ameanika nguo. Kamba imelemewa na kanga mbichi, katikati imeinuliwa na mti wenye panda. Nikautazama ule mti. Haukufungwa popote. Mbona hauanguki? Nikaenda kuutikisa. Kumbe uzito wa nguo ndio unaoushikilia! Nikainua kamba kidogo, mti ukaniangukia mkononi.

Nikaondoka nao.

"Baba Tatu! Kanga zangu mchangani!"

"Zifue tena, hii kazi ya taifa!"

Panda nikaiacha ilivyo, ikumbatie mlingoti. Ncha ya pili nikaichonga nyembamba iingie kwenye pete ya tanga, nikaiwekea bega isipitilize. Fundo hata moja sikufunga. Mkono ulikuwa ukikataa, maana maisha yangu yote kitu kisichofungwa nakiita kitu kilichopotea.

Mwenyekiti alipanda tena, safari hii ameshika ubao kwa mikono miwili. Nikakaza kamba ya tanga, tanga likausukuma mti kwenye mlingoti, ukatulia kama umeota pale. Matanga yakasimama moja huku, moja kule.

"Geuza," akasema, sauti ndogo.

Nikalegeza kamba. Mti ukaja mkononi. Mashua ikageuka kama mtoto aliyeitwa na mama yake.

Ufukweni mwenyekiti akamwambia fundi: "Rudi nyumbani na mkasi wako, ndugu. Chumvi tutaifunika kwa makuti." Halafu akanigeukia: "Mzaramo, leo umepona." Hilo kwa Mnyamwezi ni hotuba ya kunisifu.

Fundi hodari kama mie hayupo, toka hapa mpaka Tegeta. Lakini nilipoushika ule mti ulikuwa unatetemeka, na mtetemo ule sikuujua. Upepo unaotoka nyuma unajuaje kujigawa, nusu kwa tanga hili, nusu kwa lile? Au haujigawi, matanga ndiyo yanayonyang'anyana?

Kesho napanda tena. Nitakaa mbele kabisa, ninyamaze, nitazame.