Mafuta Kwenye Majani

4 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Kabla sijakuuliza hata mgongo unaendeleaje, nina jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: nimeuua mmea wako.

Ndiyo, ule mche wa pekee wa bustani yenu ya utafiti, uliomletea Mama auchore pamoja na tumba lake kabla macho yake hayajafunga kabisa. Unajua anavyofanya kazi: meza ileile, huku sufuria, huku chungu cha mmea, na mimi namenya viazi na kumchanganyia rangi kwa zamu. Wiki iliyopita alilalamika, "Majani yamefifia, siyaoni." Majani hayakuwa na neno. Macho ndiyo yaliyofifia, na nilishindwa kumwambia. Nikachukua mafuta ya kupikia, nikayapaka majani yote tisa juu na chini, yang'ae. Alifurahi sana! "Ehee, sasa tunaonana!" Nikasogeza chungu dirishani, juani.

Leo majani ni ya kahawia na matano yameanguka. Kila asubuhi Mama huniuliza, "Mgeni wetu kaamkaje?" Nasema salama. Nifanye nini? Usipige simu, atasikia.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu mkimya,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha umri wangu. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa.

Majani yana matundu madogo upande wa chini, ndiyo pua zao. Uliyaziba, kisha ukayakaanga juani. Sikufichi, nimelia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kwaruza shina kwa ukucha; ukiona kijani, bado pana uhai. Kata vipande vya urefu wa kidole, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, vifunike kwa chupa iliyokatwa kitako, weka kivulini.

Na mwambie mama yako. Majani aliyoyachora akiyaona nitayapokea kwa mikono miwili. Ila ua la mmea huu hakuna binadamu aliyewahi kuliona, ndiyo maana tulikuwa tunalisubiri. Kama tumba limekauka, asilichore. Kisichoonekana hakiingii kwenye majalada yetu ya mimea.

Mama Mdogo

21 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Natumaini u mzima. Kijani kilikuwepo, kidogo tu. Nilikata vipande vitatu. Kimoja kimeota ukungu, cha pili kimelainika kama ndizi iliyosahaulika. Cha tatu nakichungulia mpaka nahisi kinanichoka.

Nimejaribu kumwambia. Nilisema, "Mama, kuhusu mmea..." Akadakia, "Tumba limepasuka?" Brashi ilikuwa tayari mkononi, na uso wake ulikuwa vile ulivyokuwa zamani, kabla ya daktari kutuambia. Nikasema ndiyo.

Nakusihi, nieleze ua hilo lingekuwaje. Wewe unawajua ndugu zake. Nijibu haraka, nimemwomba angoje siku chache lifunguke vizuri.

Mwanao

2 Aprili

Shikamoo Mama Mdogo,

Hujanijibu, na najua kwa nini. Usingeweza kuniandikia uongo, na ukweli ulishaniandikia.

Kipande cha tatu kimekufa. Picha imekwisha.

"Petali ngapi?" aliniuliza. Nikasema tano. "Rangi?" Nyeupe, na ndani zambarau. Nilichanganya zambarau hiyo, nikamshika mkono na kumwelekeza kwenye karatasi. Alichora siku nne. Mwishoni alisema haoni tena hata weupe wa karatasi, lakini ua hili amelipata kwa wakati, basi hana deni na macho yake. Nilienda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie nikilia.

Niliporudi akasema, "Lete chungu, ninuse."

Nikamwambia halina harufu.

"Zuri hivi, halafu halina harufu? Pua yako ina mafua. Nitamuuliza mdogo wangu akija Jumamosi, yeye ndiye mtaalamu."

Nimekiweka chungu nje, nikamwambia ua limeshanyauka. Nyuma ya picha nimeandika kwa penseli: ua hili halikuonekana na mtu, nimelitunga mimi. Usiiweke kwenye majalada, Mama Mdogo. Ukitaka kunigombeza, nigombeze barabarani, nitakuja kukupokea. Lakini ndani ya nyumba, akikuuliza, mwambie halina harufu. Tafadhali, hili libaki kwangu na kwako tu. Usimwambie mtu, na yeye kuliko wote.

Mwanao